Kabla Hujawasha Moto: Mwongozo wa Kufufua Kichwa cha Treni cha Mvuke kwa Vikundi vya Nyanda za Juu Kusini

Maswali ni yaleyale. "Fundi, tumeona boila kuukuu kwenye kiwanda kilichofungwa, tuiwashe?" "Fundi, tukipata kichwa cha mvuke Tabora, kitapita kwenye reli ya TAZARA?" "Fundi, tupake rangi gani?" Kujibu mmoja mmoja kwa simu kumenishinda, kwa hiyo majibu nimeyaweka hapa kwa mpangilio wa kazi yenyewe. Swali la rangi nalo limo, ila liko karibu na mwisho, na huko ndiko linakostahili kukaa.

Shika jambo moja tangu sasa. Kichwa cha mvuke ni boila iliyowekewa magurudumu. Magurudumu yakigoma, utakaa ulipo. Boila ikigoma, watu wanazikwa. Kwa presha ya baa 12, maji yaliyo ndani hufika nyuzi joto 190 hivi na bado ni maji. Ganda likipasuka, karibu sehemu moja ya sita ya maji hayo hugeuka mvuke papo hapo, na lita moja ya maji ikiwa mvuke huru hujaza zaidi ya lita 1,600. Ndiyo maana nusu nzima ya mwongozo huu ni boila.

HALI YA HUKU KWETU

Reli ya TAZARA ilijengwa kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, na tangu siku ya kwanza ilivutwa na vichwa vya dizeli kutoka China. Mvuke haukuwahi kuwa kazi yake. Ukiambiwa kuna kichwa cha mvuke cha TAZARA kimefichwa kichakani nyuma ya Iyunga, usipoteze nauli.

Vichwa vya mvuke vilikuwa vya Reli ya Kati, ambayo Wajerumani waliifikisha Kigoma mwaka 1914, na vya njia ya Mombasa hadi Nairobi na Uganda. Huko upana wa reli ni milimita 1,000. TAZARA ni milimita 1,067. Milimita 67 zinaonekana kidogo, lakini ndizo zilizofanya mizigo ihamishwe Kidatu kutoka behewa moja kwenda jingine. Kwa hiyo kichwa cha Tabora hakitatembea Mbeya bila kubadilishiwa ekseli, na kazi hiyo usiiwaze kama huna karakana nzima nyuma yako. Zambia na Zimbabwe ndiko wanakotumia 1,067 kama sisi, na reli yao inaungana na ya TAZARA pale Kapiri Mposhi. Ndugu zetu kwa mvuke wako Livingstone na Bulawayo kuliko Dodoma.

Hata hivyo majina yetu yaliingia kwenye mvuke. Shirika la Reli la Afrika Mashariki liliagiza vichwa 34 vya daraja la 59 kutoka kwa Beyer Peacock wa Manchester katikati ya miaka ya 1950, kila kimoja tani 252, na vilipewa majina ya milima. Mlima Rungwe na Mlima Mbeya imo. Vilifanya kazi upande wa Kenya, na hivyo viwili havikuwahi kuiona milima vilivyoitwa kwa majina yake. Ukitaka kuvishika kwa mkono, namba 5918 iko Makumbusho ya Reli Nairobi, na safari hiyo naipendekeza kwa kikundi chochote kabla ya kununua hata msasa.

Utakachokikuta huku Mufindi, Rungwe au Njombe ni boila za kusimama: za viwanda vya chai, za mbao, za karatasi. Usizidharau. Karibu kila hatua hapa chini inazihusu pia, na kundi lililofufua boila ndogo ya kiwandani litakiendea kichwa cha treni likiwa na akili tofauti kabisa.

UNACHOHITAJI KABLA YA KUANZA

Watu: fundi mmoja aliyewahi kuhudumia boila (waulize wastaafu wa kiwanda cha karatasi cha Mgololo na wa viwanda vya chai, wapo, na wengi wanafurahi kuitwa), mchomeleaji mwenye cheti cha vyombo vya presha, fundi mashine wa kukereza na kuchonga chuma, na mtu wa kuandika. Huyu wa mwisho vikundi vingi havimweki, na ndiye anayeokoa kazi. VETA na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia pale Iyunga ni mahali pa kupata vijana na mashine za kuchonga vipuri.

Karatasi: barua ya umiliki, mkataba, na mawasiliano na OSHA (wakala wa usalama na afya mahali pa kazi), ambao wana ofisi ya kanda Mbeya na ndio wanaokagua boila. Kama kichwa kitatembea kwenye reli, LATRA (mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini) wanahusika, na kama ni reli ya TAZARA, kumbuka ile ni mamlaka ya nchi mbili, Tanzania na Zambia, hivyo jibu halitoki kwa siku moja.

Vifaa: jeki mbili za tani 20 au zaidi, magogo makavu ya kuegeshea, nyundo ndogo ya ratili moja, tochi nzuri, kioo cha mkono, brashi za waya, chaki, vitambulisho vya bati, kamera ya simu, mafuta ya kulegeza kutu, barakoa za kuzuia vumbi jembamba (si zile za kitambaa), na kipima unene cha mawimbi ya sauti. Hicho cha mwisho ni ghali. Kodisha pamoja na mtu anayejua kukitumia.

Mahali: paa. Kama huna paa, tafuta paa kwanza. Mvua za huku zinaanza Novemba na kukata Mei, na chuma kilichofunguliwa kikinyeshewa msimu mmoja kinaoza kuliko kilivyooza miaka kumi kikiwa kimefungwa.

HATUA KWA HATUA

1. Kitambue ulichonacho.
Tafuta kibao cha kiwanda, kwa kawaida ubavuni mwa chumba cha moshi (kile cha mbele, chini ya dohani) au kwenye kibanda cha dereva. Kikiwa kimeibwa, na mara nyingi kimeibwa kwa sababu ni cha shaba, angalia namba zilizogongwa kwenye konrodi (vyuma virefu vinavyozungusha magurudumu) na kwenye fremu. Konrodi zikiwa na namba tofauti na fremu, kichwa hicho kimeunganishwa kwa vipuri vya ndugu zake. Si tatizo, lakini andika. Pima upana kati ya nyuso za ndani za reli; kama reli imeng'olewa, pima kati ya nyuso za ndani za magurudumu, ila kumbuka kipimo hicho huwa kidogo kuliko upana wa reli. Piga picha kila upande kabla mtu hajagusa kitu.

2. Maliza suala la mwenye mali.
Maneno ya mlinzi wa geti si umiliki. Taka barua. Andikeni pia nini kitatokea mkishindwa kuendelea: nani anarudisha, kwa gharama ya nani. Adui mkubwa wa kazi hii ni mnunuzi wa chuma chakavu, na mara nyingi hufika na fedha taslimu siku kikundi kinapokuwa kimekwama.

3. Zuia uharibifu usiendelee.
Hii ifanyike wiki ya kwanza, hata kama ukarabati utaanza baada ya mwaka. Funika dohani kwa bati. Mvua ikiingia kwa juu huchanganyika na masizi ya makaa, na tope linalopatikana ni tindikali. Linakula sakafu ya chumba cha moshi hadi unaweza kupitisha kidole. Toa majivu na masizi yote. Fungua plagi za kusafishia ili maji yaliyosalia yatoke na hewa ipite. Kisha vua kila kitu cha shaba (geji, vali ndogo, filimbi, na injekta, yaani kifaa kinachosukuma maji ndani ya boila kwa nguvu ya mvuke), weka kitambulisho, fungia stoo yenye kufuli mbili, na funguo wakae nazo watu wawili tofauti.

4. Asbesto.
Boila nyingi za zamani zilivikwa asbesto chini ya mabati ya nje ili zisipoteze joto. Ni kitu cheupe au cha kijivu, cha nyuzinyuzi au kama plasta kavu. USIIKWARUE IKIWA KAVU. USIPULIZE KWA KOMPRESA. Vumbi lake likikaa kwenye mapafu halitoki, na ugonjwa hujitokeza miaka mingi baadaye. Kama huna uhakika, ichukulie ni asbesto, acha mabati yalivyo, na uwaulize OSHA namna ya kuiondoa. Hapa sina mjadala na mtu. Nimeona vijana wakiifagia kwa fagio la chelewa huku wanaimba.

5. Fungua kwa utaratibu.
Kila kipande kitambulisho, kila kitambulisho mstari kwenye daftari, kila mstari picha. Boliti zirudishwe kwenye tundu zake baada ya kutoa kipande, zisiachwe kwenye ndoo. Nati iliyokamata ipewe mafuta leo, kesho na keshokutwa, ndipo ipashwe moto. Nyundo nzito ni ya mwisho, na kwenye chuma cha kusubu, kama kizibo cha silinda, haipo kabisa: kitapasuka.

6. Kagua boila.
Hapa punguza mwendo. Siku nyingi zitakwenda hapa, na ziende.

Anza ndani ya tanuru. Kati ya ukuta wa ndani wa tanuru na ganda la nje kuna maji, na kuta hizo mbili zinashikiliwa na mamia ya boliti zinazoitwa stei. Stei ndizo zinazozuia kuta bapa zisitunishwe na presha. Chukua ile nyundo ndogo, gonga kichwa cha stei moja moja, na mwenzako akiweza aegemeze chuma kizito upande wa pili. Stei nzima inaitika kwa sauti kali na nyundo inarudi mkononi. Iliyokatika inatoa sauti iliyokufa, kama chungu chenye ufa. Weka alama ya chaki, endelea. Baada ya safu mbili tatu sikio lako litakuwa limezoea, lakini usigonge ukiwa umechoka, na usigonge kiwanda cha jirani kikiwa kinanguruma.

Sasa tazama katikati ya vichwa vya stei hizo. Nyingi zimetobolewa tundu jembamba. Tundu hilo ni mlinzi: stei ikikatika kwa ndani, maji hutokea pale na kukupa habari kabla haijakatika ya jirani. Zisafishe kwa waya. Mahali fulani nimekuta boila ambayo matundu hayo yalizibwa kwa misumari, safi kabisa, safu nzima, kwa sababu yalikuwa "yanavuja". Aliyefanya hivyo aliiziba midomo ya stei zilizokuwa zinamwambia ukweli. Ukikuta tundu limezibwa, ihesabu stei hiyo kuwa mbovu mpaka ithibitike vinginevyo.

Panda na macho hadi dari la tanuru. Hili ndilo bamba linalokaa juu kabisa ya moto, na linasalimika kwa sababu tu lina maji juu yake. Angalia kama limeshuka au kubonyea kati ya stei. Dari lililobonyea limewahi kupikwa bila maji, hata kama hakuna mtu anayekumbuka. Kwenye dari hilo kuna plagi yenye kiini cha risasi. Maji yakipungua risasi huyeyuka na mvuke unamwagika kwenye moto. Plagi hiyo usiitumie ya zamani, na kamwe usiijaze boliti ya chuma.

Kisha mirija. Hii ndiyo inayopitisha moto kutoka tanuruni hadi chumba cha moshi, ikiwa imezungukwa na maji. Kwa boila iliyolala miaka mingi sihangaiki kuipima mmoja mmoja: inatolewa yote. Ni bidhaa inayokwisha, na ikitoka unapata nafasi ya kuona tumbo la boila kwa ndani, jambo ambalo ndilo hasa unalolitaka. Pale chini, ganda linapokutana na tope la miaka, ndipo kutu hukaa. Tafuta vishimo na mifereji kando ya mishono ya ribiti.

Mwisho, unene. Chora miraba ya sentimita 15 kwa chaki ganda zima, pima kila mraba kwa kipima unene, na uandike namba pale pale kwenye chuma na kwenye daftari. Usipime mahali panapong'aa peke yake. Watu hupenda kupima panapofikika, na kutu hupenda kukaa pasipofikika.

Namba hizo zipeleke kwa mhandisi anayejua kukokotoa presha inayobebeka. Boila iliyokuwa ya baa 12 inaweza kuruhusiwa baa 8, nawe ukaridhika. Treni ya maonyesho haihitaji kupanda Kitonga.

7. Tengeneza, au kubali kuwa haitengenezeki.
Mchomeleaji wa mageti, hata kama mageti yake yanasifiwa Mwanjelwa nzima, haruhusiwi kugusa ganda la boila. Kiraka kilichochomelewa juu ya bamba lililokonda ni bomu lililopakwa rangi. Sehemu mbovu hukatwa na bamba jipya lenye cheti cha chuma chake huingizwa, kwa utaratibu ulioandikwa na kukubaliwa na mkaguzi kabla moto wa elektrodi haujawaka. Kama gharama imewazidi, kichwa kinaweza kuwa cha kutazamwa tu, kimesimama kwenye kipande cha reli chini ya paa, mirija yake imetolewa na silinda moja imefunguliwa ili watoto waone pistoni. Hakuna aibu hapo. Mimi naona bora mashine iliyolala vizuri kuliko iliyoamshwa vibaya.

8. Jaribio la maji.
Boila hujaribiwa kwa maji, KAMWE si kwa hewa ya kompresa. Maji hayabanwi, ganda likishindwa, presha hushuka mara moja na unalowa tu. Hewa ikibanwa hulipuka.
Jaza hadi maji yatoke kwenye tundu la juu kabisa, ili pasibaki hewa. Vali za usalama na vioo vya maji (vinavyoonyesha kimo cha maji ndani ya boila) vitolewe na nafasi zake zizibwe. Tumia geji mbili zilizokaguliwa, moja inaweza kudanganya. Maji yawe ya uvuguvugu: Marekani kanuni zao za vichwa vya mvuke zinataka kati ya nyuzi 21 na 49, na asubuhi ya Julai huku Mbeya maji ya bomba yako chini ya hapo, wakati chuma cha zamani kikiwa baridi hukatika kirahisi. Pandisha kwa pampu ya mkono, polepole, ukisimama kila baa mbili kutazama. Kanuni hizohizo za Marekani zinataka jaribio lifike asilimia 125 ya presha ya kazi. Mkaguzi wako ndiye atakayekuambia kiwango chako, naye awepo kwa macho yake. Shikilia, zunguka na tochi, gusa kila mshono.

9. Sehemu za kutembea.
Kabla ya kukivuta kichwa hata mita moja, safisha masanduku ya ekseli, tia mafuta mapya, vua konrodi, na fungua vali za kutolea maji chini ya silinda. Kichwa kilichovutwa kikavu huchubua ekseli, na ekseli iliyochubuka ni fedha nyingi. Magurudumu yana tairi za chuma zilizovalishwa kwa moto. Zigonge nazo kwa nyundo, ile isiyolia imelegea.
Kikipanda lori, pima uzito kwanza. Kikomo cha kawaida barabarani ni tani 56 pamoja na gari lenyewe. Zaidi ya hapo ni kibali maalumu. Dereva awe anaijua Kitonga na Mlima Nyoka.

10. Reli ya kukitembezea.
Vikundi huota Mbeya hadi Makambako. Anzeni na mita 200. Zibueni mitaro kabla ya kufyeka majani, kwa sababu reli huuawa na maji. Kagueni mataruma, badilisheni yaliyooza, shindilieni kokoto, kisha pimeni upana kila baada ya mita tatu, na kwenye kona kila mita. Reli ya TAZARA yenyewe ni ya kilo 45 kwa mita juu ya mataruma ya zege; mkipewa vipande vilivyotolewa kwenye matengenezo, mmepata mali.

11. Moto wa kwanza.
Mkaguzi ameridhika, vali za usalama na vioo vimerudi. Jaza maji hadi nusu ya kioo. Washa moto mdogo wa kuni kavu, na ukipe chuma siku nzima kupata joto. Boila hurefuka inapopashwa, na ikiharakishwa mirija inang'oka kwenye mabamba yake. Kuvujavuja kidogo mwanzoni ni kawaida, na mara nyingi hukoma joto likienea.
Presha ikianza kupanda, jaribu kioo cha maji kila nusu saa kwa kufungua vali yake ya chini: maji yashuke na kurudi haraka. Yakirudi kwa kusuasua, njia imeziba na kioo kinakudanganya. Hakikisha njia mbili tofauti za kuingiza maji zinafanya kazi kabla ya kugusa regyuleta, yaani vali inayopeleka mvuke kwenye silinda. Vali ya usalama iachwe ifunguke yenyewe mbele ya mkaguzi. Ndipo, huku vali za silinda zikiwa wazi na watu wakiwa pembeni, kisogeze mita chache.

Kuhusu maji: pima ugumu wake. Ya mvua yanafaa sana. Tanini ya magome ya miwati, ile ya Njombe, ni dawa ya zamani ya maji ya boila. Hulainisha tope na kupunguza kutu. Nazungumzia unga wa kiwandani kwa kipimo cha mtaalamu, usije ukatumbukiza magome.

Kuhusu kuni na makaa: makaa ya mawe yapo Kiwira na Ngaka. Kuni za mkaratusi zinawaka vizuri ila zinarusha cheche. Weka wavu kwenye chumba cha moshi, na kati ya Julai na Oktoba usiwashe karibu na mashamba ya misonobari bila maji na watu wa zima moto.

MATATIZO YANAYOJITOKEZA

Maji hayaonekani kwenye kioo. Usiongeze maji. Hapo ndipo watu hufa: maji baridi yakigusa dari lililopikwa, mvuke hupanda ghafla. Zima moto kwa kuufunika na majivu mabichi au udongo, funga milango ya hewa, ondoa watu, subiri ipoe kabisa.

Injekta haivuti. Angalia kama maji ya tangi yamepata moto, kama bomba la kuvutia linaingiza hewa, au kama koni zake zina uchafu. Huku kwetu kuna la ziada. Kwenye mita 1,700 msukumo wa hewa ni pungufu kwa karibu sehemu moja ya tano kuliko pwani, hivyo injekta iliyovuta vizuri Dar inaweza kugoma Uyole. Tangi liwe juu ya injekta.

Moto hauchangamki. Mirija ina masizi, au mlango wa chumba cha moshi unaingiza hewa. Rangi iliyoungua chini ya mlango huo inakuonyesha mahali penyewe.

Maji yanatoka dohani pamoja na mvuke. Boila imejaa mno au maji ni machafu. Punguza regyuleta taratibu, fungua vali za silinda mara moja. Maji yakinaswa mbele ya pistoni yanavunja kizibo. Baadaye badilisha maji.

Sanduku la ekseli linanuka mafuta ya kuungua. Simama. Usimwagie maji. Liache lipoe, kisha fungua uone kama mafuta yalifika.

Vali ya usalama haifungi. Mara nyingi ni takataka kwenye kiti chake. Usiikaze skrubu wala kuitundikia uzito.

Rangi gani? Ya kustahimili joto kwa chumba cha moshi na dohani, nyeusi. Kwengineko ya mafuta, baada ya praima, baada ya jaribio la maji kupita. Boila iliyopakwa rangi kabla ya jaribio inamfanya mkaguzi ajiulize unaficha nini, nami namuunga mkono.

KUKILAZA MSIMU WA MVUA

Toa maji boila ikiwa na uvuguvugu, ili joto lililobaki likaushe ndani. Fungua plagi zote siku mbili. Kisha ingiza trei za chokaa ambayo haijazimwa, ya Songwe inafaa, inanyonya unyevu. Trei zisijazwe zaidi ya nusu, kwa sababu chokaa hiyo inavimba. Funga plagi, funika dohani. Kila mwezi fungua moja uangalie; chokaa iliyogeuka unga ibadilishe. Idadi ya trei iandikwe kwa chaki kwenye mlango wa tanuru, na zihesabiwe zikitoka kabla mtu hajafungulia bomba la maji.